Farasi Wana Mbari, Sisi Je?

Jumapili moja tulienda Ngong kutazama mbio za farasi. Jioni, mesini, jamaa mmoja akatoa hoja: "Si mmeona? Farasi huzaliwa mkimbiaji. Hata watu ni hivyo hivyo. Kuna kabila la kukimbia na kuna la kubeba mizigo." Tukacheka. Mwenzetu wa hilo kabila la mizigo akachukua sahani yake akaondoka. Mimi nasomea udaktari wa mifugo, na nilinyamaza. Hili ndilo jibu nililopaswa kutoa.

Kuhusu farasi, jamaa alikaribia ukweli. Shire wa Uingereza hupita sentimita 170 mabegani, ilhali Shetland hazidi 107. Wote ni spishi moja, wana kromosomu 64. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba sehemu nne tu za jenomu zinaeleza asilimia 83 ya tofauti za ukubwa kati ya farasi. Nne tu!

Misuli nayo ina breki yake, protini iitwayo miostatini. Kwa Thoroughbred, farasi wa mbio, kuna mahali kwenye jeni hiyo ambapo herufi huwa C au T, na kila farasi hurithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye C mbili hujaza misuli na hufaa mbio fupi. Mwenye T mbili ni mwembamba zaidi, hufaa mita 2,000 na kuendelea. Mwenye C na T yuko katikati. Sasa angalia: hao wote ni Thoroughbred! Yaani hata kwa farasi, jina la mbari pekee halikuambii huyu atakimbia umbali gani.

Na mbari hizo hazikujitokeza zenyewe. Binadamu alichagua dume gani ampande jike gani, kizazi baada ya kizazi. Daftari la ukoo wa Thoroughbred lilianza kuchapishwa 1791, na madume wake wote, ukifuata upande wa baba, wanarudi kwa madume watatu tu. Shire alichaguliwa kwa ajili ya kuvuta mizigo mizito. Ukibana uzazi namna hiyo, jeni chache hufanya kazi kubwa.

Kwetu, nani aliwahi kushika daftari kama hilo? Makabila yameoana, yamehama, yamemezana. Kimo cha mtu peke yake kinahusishwa na sehemu zaidi ya 12,000 za jenomu, kila moja ikichangia kidogo mno, kisha uongeze lishe na maradhi ya utotoni. Kabila ni lugha, mila na historia. Si mbari.

Nilimfuata mwenzetu chumbani siku ya pili, nikamweleza haya yote. Akanisikiliza, kisha akauliza: "Na jana ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimeandika.