Marikebu Iliyozama na Swali la Mama: Siku Zetu Mjini Stockholm



Mwezi wa Juni tulijaaliwa kusafiri hadi Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, kumzuru dada yetu aliyeolewa huko yapata miaka kumi na moja sasa. Tulikuwa watu sita: mama yetu, sisi ndugu wawili na watoto wetu watatu. Watoto walikwenda kutazama mji. Mama hakuwa na haja ya mji. Alitaka kumwona mwanawe kwa macho yake, maana kwa miaka yote hiyo kila simu ilianza na kumalizika kwa maneno yale yale: "Hatujambo, mama, hali ni njema."

Stockholm imejengwa juu ya visiwa 14, mahali ambapo maji ya ziwa Mälaren hukutana na bahari ya Baltiki. Sisi tuliozaliwa kisiwani hatukujihisi wageni mno: kila upande madaraja, vivuko na magati. Kilichotushangaza ni jua. Siku hizo Magharibi huingia baada ya saa nne za usiku, na kabla ya saa kumi za alfajiri jua limekwisha kuchomoza. Watoto walikataa kulala wakidai kuwa bado mchana, na sisi wazima tulichunga nyakati za sala kwa makini kuliko tulivyozoea. Hata kibla kilitutaka tujifunze upya: nyumbani tunaelekea kaskazini, huko tukaelekea kusini mashariki.

Siku ya kwanza tulitembea Gamla Stan, yaani mji mkongwe. Vichochoro vyake vilimkumbusha mama Lamu, ila hakuna punda. Kimoja, kiitwacho Mårten Trotzigs gränd, upana wake hapo palipo pembamba kabisa ni sentimita 90 tu, na watoto walikipita wakigusa kuta zote mbili. Katika uwanja wa Stortorget limesimama jengo la kale la soko la hisa, ambamo mna makumbusho ya Tuzo ya Nobel na makao ya Akademia ya Uswidi. Humo ndimo lilimotangazwa, mwezi wa Oktoba 2021, jina la Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, kuwa mshindi wa tuzo ya fasihi. Tulisimama pale kitambo, tukawaeleza watoto kuwa mtoto wa pwani yetu alitajwa ndani ya kuta hizo.

Siku ya pili tulizuru Stadshuset, jumba la baraza la mji lililokamilika mwaka 1923. Ndimo hufanyika karamu ya Nobel kila tarehe 10 Desemba, katika ukumbi uitwao wa Buluu ingawa matofali yake ni mekundu. Kisha tukapanda treni ya chini ya ardhi, si kwa ajili ya kwenda mahali, bali kutazama stesheni zenyewe. Nyingi kati yake zimepambwa na wasanii. Ile ya T-Centralen imechongwa ndani ya mwamba na kuchorwa majani ya buluu yanayotambaa hadi darini.

Siku ya tatu ndiyo tutakayoikumbuka. Tulipanda kivuko kutoka Slussen hadi kisiwa cha Djurgården, tukaingia katika makumbusho ya Vasa. Humo mna marikebu ya kivita ya mbao, ya urefu wa mita 69, iliyojengwa kwa amri ya mfalme Gustav II Adolf. Tarehe 10 Agosti 1628 iling'oa nanga kwa mara ya kwanza. Haikufika hata mita 1,500. Upepo uliilaza, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama mbele ya macho ya watu wa mji. Wake na watoto wa mabaharia walikuwa wameruhusiwa kupanda kwa mwendo huo wa kwanza, na baadhi yao hawakurudi. Ilikaa chini ya maji miaka 333 hadi ilipoinuliwa mwaka 1961. Mbao zake hazikuliwa, kwa kuwa maji ya Baltiki yana chumvi kidogo mno na wale wadudu watoboao vyombo hawaishi humo.

Mama ni binti wa fundi wa majahazi. Alisimama mbele ya marikebu ile, akaitazama kutoka mkuku hadi juu, akasema, "Juu pazito. Farumi haitoshi." Na ndivyo wataalamu wanavyosema. Lakini lililomgusa zaidi ni habari tuliyomsomea hapo hapo: kabla ya safari, mabaharia 30 waliamrishwa kukimbia kutoka ubavu mmoja wa marikebu hadi wa pili ili kuipima. Walipokwisha kukimbia mara tatu iliyumba hata amiri akaamuru wasimame, kwa kuchelea isipinduke pale pale. Walijua. Mfalme alikuwa mbali vitani, akiihimiza marikebu yake itoke, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Jioni, kivukoni, mama alimgeukia dada yetu na kumuuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, na chombo chako wewe, kina farumi?"

Dada alianza kusema hali ni njema. Kisha akanyamaza, akalia. Akaeleza kuwa majira ya baridi jua hutua kabla ya saa tisa za alasiri; kwamba mumewe hufanya kazi za usiku; kwamba huweza kupitisha siku tatu asiseme Kiswahili na mtu mzima, na watoto wake wakisemeshwa hujibu kwa Kiswidi. "Sikuweza kukwambia, mama. Ulikuwa umekwisha kuwaeleza watu wote mtaani kuwa nimefanikiwa."

Mama alikaa kimya hadi kivuko kikafunga gati. Ndipo akasema, "Kumbe mfalme nilikuwa mimi."

Ijumaa tulikwenda kuswali katika msikiti mkuu wa Stockholm, mtaa wa Södermalm. Jengo hilo lilikuwa kituo cha umeme, kazi ya msanifu Ferdinand Boberg, aliyevutiwa na majengo ya Waislamu wa Andalusi. Lilifunguliwa kuwa msikiti mwaka 2000. Dada alikiri kuwa alikuwa hajakanyaga humo kwa miaka miwili. Baada ya sala, mama alikaa upande wa wanawake na kusalimiana na kila aliyempa mkono, na dada akatoka na namba za simu mbili. Hatusemi kuwa dhiki imekwisha. Lakini sasa kila Jumamosi wajukuu humsomea bibi yao kwa simu, kwa Kiswahili, na in shaa Allah mwezi wa Desemba watakuja Lamu.

Kwa wanaonuia safari hiyo, tunaongeza machache. Ombeni viza ya Schengen mapema, isipungue siku 15 kabla ya kuondoka. Chukueni kadi ya benki, kwani maduka mengi hayapokei pesa taslimu. Maji ya bomba hunyweka bila wasiwasi. Makumbusho ya Vasa hayawatozi watoto hadi miaka 18. Karibu yake ipo Skansen, iliyoanzishwa mwaka 1891, yenye nyumba za kale zilizohamishwa kutoka pande zote za nchi, pamoja na dubu na mbwa mwitu. Kuhusu chakula, ulizeni kabla ya kula: vile vijinyama vya kuviringa maarufu mara nyingi huchanganywa nguruwe. Samaki ni tele, na mikate yao ya iliki itawakumbusha mahamri ya nyumbani.

Na ninyi mlio na mtoto au ndugu ughaibuni, akiwaambia hali ni njema, msikate simu. Muulizeni mara ya pili, na mumwonyeshe kuwa jibu lolote mtalipokea.

Wabillahi tawfiq.