Kukimbia Alfajiri kwa Mtu Asiyezoea Kuamka Mapema

Katika kliniki za shinikizo la damu na kisukari kuna ushauri ambao mgonjwa huusikia karibu kila anapohudhuria: "Fanya mazoezi. Amka mapema, ukimbie kidogo kabla ya kwenda kazini." Mgonjwa huitikia kwa adabu. Siku ya kwanza huamshwa na kengele ya simu saa 11:00 alfajiri, akakimbia macho yakiwa mazito. Siku ya pili huishia nusu ya njia. Siku ya tatu huizima kengele na kulala tena. Akirudi kliniki baada ya miezi miwili, vipimo ni vilevile, na akiulizwa kuhusu mazoezi hutazama chini na kusema, "Nimekuwa mvivu, daktari." Mhudumu hulipokea jibu hilo, ushauri uleule hurudiwa, na maradhi huendelea na kazi yake.

Makala haya yanaeleza kwa nini jibu hilo mara nyingi si sahihi. Wengi wanaoshindwa kuamka hawashindwi kwa uvivu, bali kwa sababu wameiagiza miili yao ifanye jambo ambalo haijaandaliwa kulifanya. Maandalizi yake yapo, na hayahitaji dawa wala fedha. Yanahitaji subira na mpangilio.

Saa iliyo ndani ya mwili

Ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, kuna kundi dogo la seli za neva zipatazo 20,000 ambazo huongoza mwenendo wa mwili kwa mzunguko wa takriban saa 24. Kundi hili ndilo huamua joto la mwili lipande lini, homoni zipi zimwagwe usiku, na usingizi uje saa ngapi. Mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kuonyesha, kupitia uchunguzi wa inzi wadogo wa matunda, jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo ndani ya seli.

Kwa wastani, saa ya binadamu huzidi saa 24 kwa dakika chache. Ikiachwa yenyewe, ingechelewa kidogo kila siku. Kinachoirekebisha ni mwanga unaoingia machoni, hasa mwanga wa asubuhi. Mwanga wa jioni na usiku hufanya kinyume: huichelewesha, na kuzuia homoni ya melatonini ambayo hutangaza usiku mwilini saa mbili hivi kabla ya muda wa kawaida wa kulala.

Saa hizi hazilingani kwa watu wote. Wapo ambao usingizi huwajia mapema na huamka kabla ya jogoo, na wapo ambao akili zao huchangamka usiku na asubuhi huwa mzigo kwao. Wengi wako katikati. Tofauti hii kwa sehemu hurithiwa, na hubadilika kwa umri: vijana huchelewa zaidi, hasa wanapokaribia miaka 20, na wazee hurudi kuamka mapema. Jamii yetu huisifu asubuhi, na msemo wa "biashara asubuhi, jioni mahesabu" kila mtu anaujua. Hata hivyo, anayechelewa kuamka hana kasoro ya tabia kwa sababu hiyo pekee.

Kwa nini kuamka kwa ghafla hushindwa

Joto la mwili hufikia kiwango chake cha chini kabisa saa mbili hivi kabla ya muda ambao mtu amezoea kuamka. Anayezoea kuamka saa 1:15 asubuhi yumo katika lindi hilo karibu na saa 11:15 alfajiri. Akijilazimisha kuamka saa 10:30, anaamka wakati mwili wake bado uko katikati ya usiku wake. Zaidi ya hayo, mwanga mkali unaomfikia kabla ya lindi hilo huitafsiriwa na ubongo kuwa ni mwanga wa jioni, na huisogeza saa nyuma badala ya mbele. Juhudi yake inaweza kumletea kinyume cha anachokitaka.

Tena, kila mtu aamkapo hupitia muda wa uzito wa kichwa ambao kwa kawaida huisha ndani ya nusu saa, na huwa mkali zaidi kwa aliyelala muda mfupi. Anayehukumu mazoezi kwa jinsi anavyojisikia dakika tano baada ya kengele hukata kesi kabla ya kusikiliza mashahidi.

Alfajiri hutayarishwa jioni

Mtu mzima anahitaji usingizi wa angalau saa 7. Kwa hiyo anayetaka kuamka mapema hana budi kulala mapema; vinginevyo anaiibia afya upande mmoja ili ailipe upande mwingine. Usingizi mfupi wa mara kwa mara nao huchangia shinikizo la damu na kuvuruga sukari mwilini.

Tuchukue mfano wa mtu anayelala saa 6:00 usiku na kuamka saa 1:15 asubuhi, ambaye anataka kuamka saa 11:45 alfajiri. Tofauti ni dakika 90. Asogeze muda wa kulala na wa kuamka kwa dakika 15, akae hapo siku nne, kisha asogeze tena. Hatua sita za siku nne humfikisha katika siku 24, akilala sasa saa 4:30 usiku, bila kupoteza hata dakika moja ya usingizi. Haba na haba hujaza kibaba.

Mambo matatu humsaidia. La kwanza ni kupunguza mwanga saa mbili kabla ya kulala: kuzima taa kali, na kuiweka simu mbali na kitanda. La pili ni kahawa na chai. Nusu ya kafeini iliyonywewa huweza kubaki mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kikombe cha barazani cha saa 2:00 usiku bado kinafanya kazi saa 7:00. La tatu ni siku za mapumziko. Anayeamka mapema siku tano kisha akalala hadi saa 4:00 asubuhi Jumamosi na Jumapili huirudisha saa yake nyuma, na Jumatatu huanza upya. Mtafiti wa Ujerumani Till Roenneberg na wenzake wameilinganisha hali hiyo na uchovu wa msafiri wa ndege aliyevuka nchi nyingi. Tofauti ya siku hizo isizidi saa moja.

Kuamka kwanza, kukimbia baadaye

Kosa la kawaida ni kuanza mambo mawili mapya kwa pamoja. Katika majuma matatu ya kwanza, mgonjwa asikimbie. Kazi yake iwe kuamka, kunywa maji, kutoka nje na kutembea dakika 10 hadi 20 penye mwanga wa mchana. Mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, huwa maelfu ya laksi, ilhali taa za ndani ya nyumba mara nyingi hazifiki laksi 500. Ndiyo maana kuketi sebuleni hakutoshi.

Hapa wakazi wa ukanda wa ikweta wana bahati. Dar es Salaam jua huchomoza takriban kati ya saa 12:00 kasoro dakika chache na saa 12:40 asubuhi mwaka mzima, wakati Ulaya ya kaskazini, katika majira ya baridi, huweza kuchomoza karibu saa 3:00 asubuhi. Aidha, kwa watu wa pwani saa hiyo ndiyo yenye ubaridi kabla joto halijapanda. Hakuna sababu ya kutoka gizani, ambako kuna mashimo, mbwa, pikipiki zisizo na taa na hatari nyingine, hasa kwa wanawake. Atakayelazimika kutoka kabla ya kupambazuka avae nguo nyeupe na aende na mwenzake.

Baada ya hapo aanze kukimbia kwa zamu: atembee dakika 5 hadi 10 ili viungo vipate joto, kisha akimbie polepole dakika 1 na kutembea dakika 2, arudie mara 8. Kila juma aongeze kidogo muda wa kukimbia. Kipimo cha kasi ni mazungumzo: anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba yuko katika kiwango cha wastani. Kipimo hiki kinawafaa pia wanaotumia dawa kama atenololi, ambazo hushusha mapigo ya moyo na kufanya kuhesabu mapigo kusiwe kipimo cha kutegemewa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 kwa juma za mazoezi ya wastani, au dakika 75 za mazoezi makali; hizo 75 ni dakika 25 kwa siku tatu tu.

Tahadhari kwa wenye maradhi

Shinikizo la damu hupanda mtu anapoamka, na mshtuko wa moyo hutokea zaidi saa za asubuhi kuliko nyakati nyingine. Hilo halifanyi mazoezi ya asubuhi kuwa haramu, bali linadai kuanza taratibu. Mwenye maradhi ya moyo apate kwanza idhini ya daktari. Mwenye shinikizo la 180/110 au zaidi asikimbie mpaka atibiwe. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni amri ya kusimama na kutafuta msaada.

Anayetumia insulini au dawa kama glibenklamidi apime sukari kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya milimoli 5.0 kwa lita, ale kwanza, ikizidi 13.9 na hajisikii vizuri, asikimbie. Abebe glukosi au soda yenye sukari, na mwenzake ajue dalili za sukari kushuka. Avae raba na soksi badala ya ndala, kisha akague nyayo zake akirudi.

Mhudumu wa afya naye akumbuke kwamba si kila ashindwaye kuamka ana saa inayochelewa. Amuulize kama hukoroma na kukabwa pumzi usiku, kama huamka mara nyingi kukojoa kwa sababu ya sukari au dawa za kuongeza mkojo zinazomezwa jioni, kama ana upungufu wa damu, au kama amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Haya hutibiwa kwa njia zake. Kengele ya simu haiyatibu.

Iwapo asubuhi haikubali

Wapo ambao asubuhi haiwafai hata baada ya majuma sita ya utaratibu huu. Wapo pia wanaoamka saa 10:00 alfajiri ili wawahi daladala, na wauguzi wanaotoka zamu ya usiku. Kuwaongezea mbio za alfajiri ni kuwanyang'anya usingizi. Muuguzi huyo alale kwanza, kisha afanye mazoezi kabla ya zamu nyingine. Wengine wakimbie jioni. Kwa watu wengi mazoezi ya jioni hayaharibu usingizi, ilimradi mazoezi makali yakome angalau saa moja kabla ya kulala. Moyo na mishipa hunufaika kwa kila hatua, iwe ya alfajiri au ya magharibi. Kilicho bora kuhusu asubuhi ni kwamba shughuli nyingine bado hazijaanza kuidai.

Kwa hiyo mgonjwa atakaposema tena, "Nimekuwa mvivu," mhudumu asiandike na kupita. Amuulize maswali matatu: jana ulilala saa ngapi, Jumapili uliamka saa ngapi, na ni saa ipi ya siku mwili wako huwa mwepesi? Majibu yake ndiyo yatakayoonyesha wapi pa kuanzia, na pengine safari hii atatoka chumbani akiwa na mpango anaouweza, badala ya aibu aliyokuja nayo.