KASUARI, NDEGE MWENYE KOFIA NA SIME

Ukitaja ndege mkubwa asiyeruka, kila mtu hapa atakujibu, "Mbuni!" Lakini yuko mwingine, kasuari, anayeishi katika misitu minene ya New Guinea na ya Queensland, kaskazini-mashariki mwa Australia.

Umbo lake ni kioja. Manyoya meusi kama nywele, shingo ya buluu, vinyama viwili vyekundu vinaning'inia kooni, na kichwani ana kofia ngumu kama pembe. Ya nini? Watu walibishana miaka na mikaka. Mwaka wa 2019 watafiti wa Australia walionyesha kuwa kofia hiyo humpunguzia joto mwilini. Bora kuliko mwavuli!

Huyu si wa kuchezewa, jamani. Jike mkubwa hupita kilo 60. Hukimbia kilomita 50 kwa saa, na kuogelea anajua. Kidole cha ndani cha kila mguu kina ukucha kama sime, wa sentimita 12 hivi. Mwaka wa 1926 kijana wa miaka 16, rika langu kabisa, aliuawa huko Queensland baada ya yeye na nduguye kumvamia kasuari kwa marungu.

Haya, sikieni mambo ya nyumbani kwake. Mama hutaga mayai ya kijani, matatu hadi matano, kisha huyoo, anaenda zake! Baba ndiye hulalia mayai hayo siku 50 hivi, halafu akalea vifaranga kama miezi tisa. Wavulana wa darasa letu walipoambiwa hivyo walinyamaza kimya.

Chakula chake ni matunda, na huyameza mazima mazima. Mbegu hutoka na kinyesi mbali na mti wake, zikaota huko. Kuna mti mmoja uitwao ryparosa. Mbegu zake zisizopita tumboni mwa kasuari ziliota 4 tu katika kila 100. Zilizopita ziliota 92! Mbegu nyingine ni kubwa mno hata hakuna mnyama mwingine msituni humo awezaye kuzimeza. Basi kasuari akiisha, nani atapanda miti hiyo?

Nao wanapungua. Misitu imekatwa, mbwa huwaua vifaranga, na magari huwagonga. Ndiyo maana huko Mission Beach barabarani kuna vibao vyenye picha ya kasuari, dereva apunguze mwendo, baba na watoto wavuke.