Damu ya Uzazi Isipimwe kwa Macho

Mimba inapofikia miezi tisa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Kondo la nyuma likishabanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba wenyewe. Nyuzi zake zimepishana; zikijikaza, huiminya mishipa kama kamba inavyobana mzigo. Zikilegea, hata mama aliyeingia leba akiwa mzima kabisa anaweza kufariki ndani ya saa chache. Kila mwaka makumi ya maelfu ya wanawake duniani hufa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini.

Kwa miaka mingi tumeipima damu hiyo kwa macho. Mama huja hospitali na kanga zake. Moja hutandikwa chini yake, ikilowa huvutwa ikawekwa nyingine. Ipo damu iliyonywewa na kanga, ipo iliyotiririka sakafuni, ipo iliyochanganyika na maji ya uzazi. Yote hiyo mkunga anatakiwa aikadirie huku anamfuta mtoto, na pengine kitanda cha pili kuna mama anasukuma. Makadirio hayo huwa pungufu mara nyingi mno. Watu huja kushtuka mapigo ya moyo yakishaanza kwenda mbio na presha kushuka, na hapo muda wa kuokoa umeshaliwa.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, ulianzia hapo hapo. Mtoto akishazaliwa, mama hutandikiwa plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo, na damu yote huingia humo. Ikifika kiwango cha hatari, tiba huanza yote kwa pamoja: kukanda tumbo ili misuli ijikaze, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, na kukagua kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kilichobaki. Zamani tulijaribu moja, tukasubiri, ndipo tukajaribu nyingine. Katika hospitali zilizofuata utaratibu mpya, jumla ya akina mama waliopoteza zaidi ya lita moja, waliopasuliwa tumbo au kufa kwa sababu ya damu ilipungua kwa asilimia 60. Naona fahari kwamba ushahidi huu umetoka kwenye leba zetu wenyewe.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilishauri tusingoje mililita 500 kama zamani. Zikifika 300, na mapigo au presha ya mama si ya kawaida, tiba ianze.

Lakini dawa zina masharti. Oksitosini hutaka friji, nyuzi 2 hadi 8, na iliyoharibiwa na joto huwezi kuitambua kwa kuitazama. Zahanati ambayo umeme wake hukatika inahitaji karbetosini inayostahimili joto kwa ajili ya kinga, au vidonge vya misoprostoli. Asidi ya traneksamiki nayo, gramu 1 mshipani kwa dakika 10, hufaa ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua.

Tiba hizo zikishindwa kusimamisha damu, hospitali ya mkoa ina damu salama, chumba cha upasuaji na mtaalamu wa usingizi. Zahanati haina, kwa hiyo uamuzi wake wa rufaa lazima utangulie, gari liitwe wakati tiba inaendelea. Puto la kondomu linalojazwa maji ndani ya mji wa mimba, ubunifu wa Dkt. Sayeba Akhter wa Bangladesh, limeokoa wengi, ila linafaa pale upasuaji ulipo karibu. Njiani mkunga ana mikono yake, ngumi moja ndani ya uke na kiganja kingine juu ya tumbo, akiuminya mji wa mimba, na vazi la kubana miguu na tumbo kama lipo.

Karatasi ya rufaa iandikwe kiasi cha damu kilichopimwa na saa ambayo traneksamiki ilitolewa, kwa sababu damu ikiendelea kutoka baada ya dakika 30, anayempokea mama anaweza kumpa dozi ya pili.