Mlezi wa Zamu Moja

Katika nyumba za kutunzia wazee nchini Uingereza, mara nyingi mambo huanza alfajiri: simu hulia kuarifu kwamba mlezi wa zamu ya asubuhi ameugua, na msimamizi, ambaye sheria haimruhusu kuwaacha wazee bila ya watu wa kutosha wa kuwavisha, kuwalisha na kuwapa dawa, humwarifu wakala wa kazi, naye humletea mtu ambaye hajapata kukanyaga kizingiti cha nyumba ile.

Mtu huyo ni wa wakala, si wa nyumba. Wakala huitoza nyumba kiasi fulani kwa kila saa, humlipa mlezi ujira wake, na kinachobaki ni chake. Kwa hiyo nyumba aghalabu hugharimika kuliko inavyogharimika kwa mwajiriwa wa daima, ilhali ziada ile haimfikii yule anayewainua wagonjwa vitandani. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2011 humpa haki ya ujira sawa na wa wenzake akishatimiza majuma 12 katika kazi ileile mahali pamoja. Lakini anayepelekwa leo huku na kesho kule atayatimiza lini?

Simbezi mlezi huyo. Wako walioichagua kazi hiyo kwa hiari, wapate kupanga saa zao baina ya masomo na malezi ya watoto, na wamo wahamiaji wengi, watu wa kwetu Afrika Mashariki wakiwa miongoni mwao, wanaoifanya kwa uaminifu mkubwa. Ila ulezi hutaka kujuana. Bibi aliyepotewa na kumbukumbu hawezi kumweleza mgeni kwamba bega la kushoto humuuma anapovishwa, wala kwamba kimya chake cha ghafla ni dalili ya maumivu. Na kuogeshwa leo na huyu, kesho na yule, ni kumvunjia staha aliyoihifadhi umri wake wote.

Madhara hayo hayaishii katika staha. Mwaka 2020, maradhi ya Uviko-19 yalipoenea, Ofisi ya Takwimu ya Taifa iliwahoji wasimamizi wa nyumba hizo huko England, ikadhihirika kwamba zile zilizotumia walezi wa akiba na wa wakala karibu kila siku zilielekea zaidi kuwa na wazee walioambukizwa, na zile zilizowalipa watumishi wao wanapougua zilielekea zaidi kusalimika.

Basi dawa ni kumpa mlezi wa daima ujira wa insafu na malipo ya siku za ugonjwa, ili abaki. Na inapolazimu kumwita mgeni, aitwe yuleyule, apewe wasaa wa kusoma habari za kila mzee kabla hajamgusa. Nawe msomaji, siku utakapomtafutia mzazi wako mlezi kwa wakala, usiulize bei peke yake: uliza kama atakayekuja Jumatatu ndiye atakayekuja Ijumaa.