Si Kila Ufa ni wa Kuzibwa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sidhani yupo mwanafunzi nchini Kenya aliyewahi kuandika insha bila kuukimbilia msemo huu. Mimi mwenyewe nimeufundisha kwa miaka mingi hapa Kakamega, nikautilia alama kwa wino mwekundu katika mamia ya madaftari. Leo nathubutu kuwakumbusha wasomaji, hasa walimu wenzangu, kwamba msemo huo una upande wa pili ambao hatuufundishi: zipo nyufa ambazo kuziziba ni hatari kuliko kuziacha wazi.

Somo hili sikulipata kitabuni. Nililipata kwenye baiskeli.

Mpwa wangu anaishi kwangu na husomea shule ya kutwa. Kila siku huendesha baiskeli karibu saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, akipitia njia za udongo mwekundu upande wa Shinyalu. Alipofanya vyema katika mtihani, nilimnunulia baiskeli ya milimani, mtumba wa ng'ambo. Uma wake wa mbele, ambao mafundi wetu huuita foku, ulikuwa na springi ndani yake. Kijana aliipenda baiskeli ile kwa sababu hiyo hasa. Wenzake walikuwa wakija jioni kuibonyeza tu na kuitazama ikiinuka.

Haukupita mwaka kabla foku ile haijaanza kulegea. Mafuta yalichuruzika miguuni pake, na kila breki ya mbele iliposhikwa, gurudumu lilicheza mbele na nyuma kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee mwenye kibanda kando ya barabara. Alipangusa tope kwa kitambaa, akapitisha ukucha wake polepole juu ya chuma, kisha akaniambia: "Mwalimu, hii haitengenezeki. Tafuta foku ngumu, hata iwe kuukuu, mimi nitakufungia." Foku hiyo, alisema, ningeipata kwa shilingi 1,200.

Nilikasirika. Nilijiambia kwamba fundi akisema kitu hakitengenezeki, basi ama hajui kazi ama anatafuta kuuza. Nikaisukuma baiskeli hadi kwa mchomeleaji vyuma. Aliniuliza nataka nini, nikamjibu kwamba nataka isicheze tena. Kwa shilingi 200 aliuchomelea mrija wa juu na wa chini vikawa kitu kimoja. Kweli, haikucheza tena. Nilirudi nyumbani nikijisifu kwa kuokoa shilingi elfu moja.

Siku ya kumi na saba, asubuhi ya mvua, kijana akiteremka kuelekea mtoni, mguu mmoja wa foku ulikatika kando kabisa ya pale palipochomelewa. Alivunjika mkono wa kulia na kupoteza meno mawili ya mbele. Wenzake waliandika mtihani wa muhula ilhali yeye ana plasta hadi kwenye kiwiko. Mchomeleaji simlaumu. Alifanya nilichomwagiza.

Tangu siku hiyo nimejibidiisha kukielewa chombo kile ambacho nilikichezea kwa ujinga wangu. Foku ya aina hii ina miguu miwili, na kila mguu ni mrija unaoingia ndani ya mrija mwingine. Ndani mna springi, au hewa iliyofungiwa, ya kupokea kishindo cha njia. Wanafunzi wa fizikia wanaijua kanuni yake, ambayo Robert Hooke aliichapisha mwaka 1678: springi hurefuka au kufupika kwa kadiri ya nguvu inayoikabili. Lakini springi ikiachwa peke yake hurudisha kile ilichopokea, nayo humrusha mpandaji. Kwa hivyo foku iliyoundwa vizuri huwa pia na mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo, hata nguvu ya mrusho ikageuka joto. Kati ya mirija hiyo mna bushi zinazoizuia isiyumbe, na juu yake mna sili za mpira zinazozuia mafuta yasitoke na uchafu usiingie.

Sasa tafakari, msomaji, juu ya tope la Kakamega. Mvua hapa hainyeshi kwa msimu mmoja ikaondoka, hunyesha sehemu kubwa ya mwaka. Tope hukauka juu ya mrija, na kila springi inapobonyea, mchanga ulio ndani ya tope hilo husagwa kwenye sili. Sili ikishakatika, mchanga huingia na kufanya kazi ya msasa. Mrija hupata mikwaruzo, mafuta huvuja, bushi huliwa, na hatimaye mguu wa juu huanza kucheza ndani ya ule wa chini. Ukucha wa fundi yule ulikuwa ukiitafuta mikwaruzo hiyo. Mimi nilidhani anapoteza wakati.

Kampuni ya RockShox ya Marekani, iliyo miongoni mwa waundaji mashuhuri wa foku hizi, hupendekeza kwa aina zake nyingi kwamba miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Mwanafunzi anayeendesha saa mbili kwa siku, siku tano kwa juma, hutimiza saa 50 kwa majuma matano. Ni mzazi gani kati yetu aliye na mafuta, sili na fundi wa kumfungulia foku kila baada ya majuma matano?

Swali hilo halikuwasumbua waliobuni kifaa hiki, kwa maana wao walikibuni kwa haja nyingine. Baiskeli za milimani zilianzia wilaya ya Marin, jimbo la California, katika miaka ya 1970. Vijana wa huko walikuwa wakiteremka milima kwa baiskeli kuukuu kwa ajili ya burudani. Mashindano yao maarufu, yaliyoanza mwaka 1976, yaliitwa Repack kwa sababu mteremko mmoja tu uliweza kuiunguza grisi yote ya breki ya nyuma, ikalazimu kutiwa nyingine. Mwaka 1989 Paul Turner, aliyekuwa na uzoefu wa pikipiki, aliasisi RockShox. Mwaka uliofuata, katika mashindano rasmi ya dunia mjini Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za mteremko akitumia foku ya kampuni hiyo. Naam, foku yenye springi ilizaliwa mashindanoni, mikononi mwa watu wenye karakana na vipuri.

Sisi tuna historia yetu ya magurudumu mawili. Katika miaka ya 1960, pale mpakani Busia, waendesha baiskeli walianza kuwavusha watu baina ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, na hapo ndipo jina la boda boda lilipozaliwa. Baiskeli iliyobeba kazi hiyo, na ambayo ilikuja kubeba miwa, maziwa na abiria kote Magharibi, ni ile nzito ya chuma tunayoiita Black Mamba. Foku yake ni ngumu tangu juu hadi chini. Starehe ya mwendeshaji ilikuwa springi zilizo chini ya tandiko, na ya abiria ilikuwa kigodoro kwenye kareri.

Lipo jambo jingine lililonishangaza zaidi. SRAM, kampuni ya Chicago iliyoinunua RockShox mwaka 2002, iliasisiwa na watu ambao mmoja wao ni F. K. Day. Mwaka 2005 Day na mkewe, Leah Missbach Day, walianzisha shirika la World Bicycle Relief ambalo hutoa baiskeli ziitwazo Buffalo kwa wanafunzi, wahudumu wa afya na wakulima wa Afrika. Baiskeli hizo zimekuwa zikiunganishwa mjini Kisumu pia, na kareri yake imeundwa kuhimili kilo 100. Foku yake je? Ni ya chuma, ngumu, haina springi hata moja. Mtu ambaye kampuni yake inazijua springi kuliko wengi duniani, alipofikiria njia ya mwanafunzi wa kijijini, aliziacha.

Sisemi kwamba kila foku iliyochoka itupwe. La hasha! Iliyokatika sili tu, huku mirija yake ingali laini, itiwe sili mpya na mafuta. Iliyokauka itiwe grisi. Iliyoliwa bushi yaweza kubadilishiwa, zikipatikana. Lakini mrija uliokwaruzika kiasi cha kukwama ukucha, uliopinda, au wenye ufa, hauna dawa. Wala moto wa kuchomelea si dawa, kwa maana chuma chembamba hudhoofika kando ya kiungo. Tena miguu ya chini ya foku nyingi si ya chuma bali ni ya alumini au magnesi, na hizo hazichomelewi kando ya njia.

Mwanafunzi aweza kujikagulia mwenyewe. Shika breki ya mbele, weka vidole mahali mirija inapokutana, kisha usukume usukani mbele na nyuma. Ukihisi mchezo hapo, bushi zimeliwa. Ukiuhisi juu zaidi, penye shingo ya baiskeli, huenda ni gololi tu zinazotaka kukazwa, na hiyo ni kazi ya dakika chache.

Ikibidi kubadilisha, pima kwanza. Shingo za foku za baiskeli hizi aghalabu huwa na unene wa milimita 25.4 au 28.6, na moja haiingii mahali pa nyingine. Urefu nao ulingane na wa foku ya zamani ilipokuwa imebeba mtu, kwa maana foku fupi mno huinamisha baiskeli mbele na kuufanya usukani uwe mwepesi kupita kiasi. Hakikisha pia kwamba foku mpya ina mahali pa kufungia breki ya aina uliyo nayo.

Haya yote fundi yule mzee aliyajua bila kitabu. Nami, mwenye shahada, sikumsikiliza, kwa kuwa aliniambia nisichotaka kusikia. Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Tumewazoesha vijana kuamini kwamba mjuzi ni yule anayesema "ndiyo, yawezekana". Mwenye kusema "haitengenezeki" tunamwona ameshindwa, ilhali neno hilo humgharimu mteja na ujira wa siku. Mchomeleaji alipata shilingi 200 zangu. Mkweli hakupata kitu.

Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili mafundi wa jua kali nao wapate vyeti. Ni jambo jema. Lakini yule atakayewatahini asiwape kazi za kutengeneza peke yake. Awaletee pia foku iliyokufa, aone ni nani atakayekataa kuigusa. Nasi walimu tusingoje vyeti hivyo. Kanuni ya Hooke ingefundishwa vyema zaidi ikiwa fundi wa jirani angealikwa darasani na foku mbili, moja nzima na nyingine iliyochakaa, wanafunzi wakapitisha kucha zao juu ya mirija na kujionea tofauti.

Mkono wa kijana ulipopona nilirudi kwa yule mzee. Nilitarajia anicheke. Aliniuliza tu, "Kijana anaendeleaje, Mwalimu?" Kisha akaifunga foku ngumu niliyokuja nayo, akazungusha gurudumu, akalitazama kwa muda mrefu kabla ya kupokea ujira wake. Mpwa wangu hulalamika kwamba mikono humfa ganzi kwenye mawe. Amejifunza kupunguza pumzi kidogo katika tairi la mbele na kuteremka polepole.

Ile foku iliyokatika ipo juu ya meza yangu darasani. Wanafunzi wakiandika kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, bado nawatilia alama yao. Ila siku hizi huongeza swali moja kwa wino mwekundu: je, ukuta wenyewe umeukagua?