Mnara wa Kijiji na Sheria ya Masafa

Ushirika hujengwa kwa mtaji, kwa kazi na kwa umoja. Lakini vyote hivyo havitoshi ikiwa sheria haiutambui. Funzo hilo limo katika habari za vijiji vya Oaxaca, nchini Meksiko, vilivyojijengea mitandao yao ya simu za mkononi.

Makampuni makubwa hayakupeleka simu katika vijiji hivyo vya milimani kwa kuwa faida ingekuwa ndogo. Mwaka 2013 wanakijiji wa Talea de Castro, wakisaidiwa na shirika la Rhizomatica, walisimika mtambo wao wenyewe. Programu za mtambo wa namna hiyo ni huria: yeyote aweza kuzichukua bila malipo, kuzichunguza na kuzirekebisha. Kwa hiyo gharama hupungua sana.

Kikwazo ni masafa. Simu hutumia mawimbi ya redio, nayo husimamiwa na serikali. Ayatumiaye bila kibali huvunja sheria, hata pale ambapo hayatumiwi na mtu mwingine. Katika nchi nyingi masafa huuzwa kwa mnada, kwa bei isiyofikiwa na kijiji. Tena mtandao hauna budi kupewa namba na kuunganishwa na mitandao mingine, la sivyo wanachama watazungumza wao kwa wao tu.

Mwaka 2014 vijiji vilipata kibali cha majaribio cha miaka miwili. Mwaka 2016 chama chao, Telecomunicaciones Indígenas Comunitarias, kilipewa idhini ya miaka 15 kuhudumia jamii za wenyeji asilia bila kutafuta faida. Hata hivyo kilidaiwa ada ya masafa ipatayo pesos milioni 1, kana kwamba ni kampuni ya biashara. Chama kikaenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Meksiko ikaamua kuwa hakipaswi kulipa ada hiyo.

Yafaa basi kila chama kinachokusudia kazi ya namna hii kiulize mapema: Masafa yamekwisha kugawiwa nani? Je, sheria inatoa leseni kwa jamii isiyotafuta faida? Ada yake ni kiasi gani? Je, makampuni yanalazimika kuunganisha mtandao mdogo? Majibu yasomwe mbele ya mkutano mkuu kabla senti moja ya wanachama haijatumika kununua mtambo.